Nilivyochupa Siku ya Posa

Hata leo nikisikia mitalawanda ikipita sakafuni, kwa-kwa-kwa, moyo humwendea Zuhura. Viatu vile vya mti, alivyopenda kuvivaa, sasa ni vya kutafutwa.

Zama hizo za Mwingereza, mama alipoachika alirudi kwao Rutamba, baba akawa kibarua kwenye mashamba ya mkonge, nami nikaletwa Kivinje kwa shangazi. Nilikuwa na miaka kama minane. Nyumba ilijaa watu, nami sikuwa na mtu ila Zuhura, binti wa shangazi, aliyenilaza kitandani kwake na kunisuka huku akinitania kwamba nywele zangu ngumu kama kichwa chenyewe.

Kuchupa, kwetu watoto, kulikuwa kazi ya wavulana waliojirusha baharini, na ya mbuzi wa shangazi aliyeruka ua kila siku kwenda kula mihogo ya jirani. Lakini mtoto akidakia maneno ya wakubwa, shangazi husema, "Huyu naye kachupa!" Nikamwuliza shangazi, mtu aliyekaa kitako anachupaje?

"Kamwulize mbuzi," akanijibu. "Mpaka ni mpaka, mwanangu, uwe wa miti, uwe wa maneno."

Basi ikaja posa kutoka Lindi. Ami yake Zuhura akasimama mlangoni mwa chumba chetu kumwuliza kama ameridhia. Desturi mnaijua: mwali hatamki, akinyamaza, karidhia. Akauliza mara ya kwanza. Zuhura kainama, kimya. Mara ya pili, kimya. Nikaona kimya kile kinanichukulia Zuhura hivi hivi. Ya tatu haijamtoka vizuri, nikapiga ukelele: "Hataki! Zuhura hataki!"

Barazani maongezi yakakatika. Wageni wakaondoka, kahawa haijanywewa. Shangazi hakunipiga. "Leo umechupa, mwanangu," alisema taratibu, na iliniuma kuliko fimbo. Tangu siku hiyo nikalala mkekani, peke yangu. Wazee waliombana radhi, posa ikarudi, Zuhura akaolewa Mtanda, huko huko Lindi. Hakuniaga.

Nilikuwa nimeshapata watoto wangu nilipokwenda kumwomba msamaha. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nikamweleza kwamba siku ile nilidhani ninamsemea yeye. Alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akanishika mkono.

"Mimi nilikuwa namtaka, mdogo wangu," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa hutaki, na hapakuwa na mtu wa kukuuliza."