Kavera Chini ya Kifuniko

Nilirudi Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nikiwa nimechoka na barabara. Miaka mingi nilikuwa nimepanda malori ya Yei na Juba, nimelala Ariwara upande wa Kongo, nimeuza samaki wakavu, nimeuza sabuni, na kila nilipofika nilikuwa nawaza mahali nilipotoka. Mtu wa namna hiyo akifika miaka arobaini na kitu hana shamba wala ng'ombe. Ana lugha. Kiswahili ndicho kilichonilea, kwa kuwa baba alikuwa askari na watoto wa kambini tulicheza na kugombana kwa lugha hiyo. Nyingine niliziokota njiani.

Lugha hizo ndizo zilizonipatia kazi kwa mwanasayansi. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mzaliwa wa Logiri, aliyesoma mpaka ng'ambo kisha akarudi na kuanzisha maabara ndogo mjini Arua. Kilugbara alikijua, lakini Koboko watu husema Kikakwa, Kinubi na Kiswahili chetu cha jeshi na soko, na hapo alikwama. Nikawa mdomo wake. Mimi na yeye tulizungumza Kilugbara, na maneno yake nayaandika hapa kama nilivyoyaelewa.

Alichokuwa anakitafuta hakionekani kwa macho. Alisema ziko kemikali zinazotoka kwenye plastiki, kwenye dawa ya kunyunyizia tumbaku, hata kwenye krimu za kujipaka, nazo zikiingia kwa mama mjamzito zinaweza kuvuruga homoni wakati ubongo wa mtoto unajengwa tumboni. Alitaka kupima mkojo wa akina mama wa Arua na wa Koboko, kisha awafuate watoto wao wanavyokua: wanaangaliaje, wanasikiaje, wanaanza kusema lini.

Siku ya kwanza, katika uwanja wa kituo cha afya, nilipata taabu na neno homoni. Nikakumbuka kambi.

"Mama zangu," nikasema, "mnajua baragumu ya asubuhi? Ikilia hivi, askari wanakwenda paredi. Ikilia vile, wanakwenda kula. Ndani ya mwili iko baragumu kama hiyo. Inaambia ubongo ya mtoto: sasa jenga hapa, sasa jenga pale. Hii kemikali ni kama mutu mwingine anasimama nje ya seng'enge na baragumu yake ya uongo. Askari wanakimbia, lakini wanakimbilia mahali si yao."

Mama mmoja mnene, mjane wa sajini, akainua mkono. "Afande, basi huyu wangu alisikia ya kula tu. Tangu azaliwe hajasikia ya paredi."

Uwanja mzima ukacheka. Mwanasayansi akaniuliza wanacheka nini, nikamweleza, akacheka peke yake baada ya wote kunyamaza, na hilo likawachekesha tena. Tangu siku hiyo akina mama wakamwita Mama Baragumu.

Kati ya waliojiandikisha alikuwemo dada yangu, mdogo wangu. Alikuwa na mimba ya pili. Binti yake wa kwanza alichelewa sana kusema, na mpaka watu walipoacha kusema "atasema tu", msichana alikuwa tayari anachekwa na watoto wenzake. Mama mkwe wake alisema ni damu ya ukoo wetu. Dada alikuwa amefanya kazi ya tumbaku wakati wa mimba ile, akiosha matangi ya dawa mtoni, na alimuuliza mwanasayansi waziwazi kama ndiyo sababu.

"Siwezi kukujibu hilo," mwanasayansi alisema. "Nikikujibu kwa mtoto mmoja nitakuwa nakudanganya. Najifunza kwa watoto wengi ili siku moja niweze kujibu."

Nilidhani dada atakasirika. Alipotoka nje akaniambia: "Kaka, huyu wa kwanza hapana mutu alimwangalia mapema. Huyu iko tumboni, nataka mutu mwenye kujua amwangalie tangu mwanzo. Hii tu. Kama iko shida, nijue angali mdogo."

Basi hilo ndilo alilolitaka, na lilikuwa mikononi mwa Mama Baragumu.

Kila mama wa Koboko alipewa chupa ya kioo ya kuletea mkojo wa asubuhi. Kioo, kwa sababu plastiki yenyewe ingeweza kuacha kemikali ndani na kuharibu kipimo. Nilitafsiri hayo mpaka sauti ikakauka. Chupa zikajaa, zikarudi kituoni, mkojo ukapelekwa Arua kwenye sanduku la barafu.

Mwanasayansi aliporudi, uso wake haukuwa ule niliouzoea. Chupa za Arua, ambazo akina mama walizijazia palepale maabara, zilikuwa sawa, nyingine juu, nyingine chini, kama watu walivyo. Za Koboko zote zilikuwa juu sana, na kwa kemikali ileile ya plastiki. "Ama watu wa hapa wanakula mabeseni," akasema, "ama nimekosea mahali. Nisipojua nilipokosea, nitaiondoa Koboko yote kwenye utafiti."

Nilimfikiria dada. Tumbo lake lilikuwa limeshuka tayari.

Tukaenda kwake, kwa kuwa ndiye wa karibu, na mwanasayansi akamwomba atuonyeshe alivyofanya, hatua kwa hatua, kwa chupa mpya na maji ya mtungi. Dada akajaza maji. Akaingia ndani, akatoka na kavera, ule mfuko mwembamba wa plastiki wa sokoni, akakata kipande, akakitandaza juu ya mdomo wa chupa, akafunga kifuniko juu yake, kisha akapunguza pembe kwa wembe mpaka pakawa safi kabisa. Akaiviringisha chupa kwa kitambaa na kuitoa kwa mikono miwili.

"Hicho ni nini?" mwanasayansi akauliza.

Dada akamshangaa. "Ni kavera. Nitampa mgeni chupa inavuja? Na tena mkojo! Hata asali kwa soko inafungwa hivi."

Kweli, hakuna asali inayouzwa kwetu bila kipande cha kavera chini ya kifuniko. Sisi wote tulikuwa tumekiona maisha yetu yote, ndiyo maana hatukukiona. Muuguzi wa kituo, mtoto wa Koboko, alikuwa anakibandua kila asubuhi na kukitupa kabla ya kumimina mkojo kwenye vichupa vya kioo vya maabara, bila kuwaza lolote. Na mkojo ulikuwa umetikisika juu ya plastiki ile njia nzima kutoka nyumbani.

Mwanasayansi akakaa chini kwenye kigoda. Nilingoja hasira. Akajifunika uso, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Mama yangu Logiri anafunga hivihivi," akasema. "Mimi mwenyewe, nikirudi masomoni ng'ambo, nilibeba asali imefungwa hivi mpaka kwenye ndege."

Ikabidi tuombe mkojo upya, na hapo ndipo pagumu. Maneno yalikuwa yametangulia: chupa zetu zimemwagwa, kwa hiyo wameona ugonjwa wanatuficha. Akina mama walikuja uwanjani wamenuna. Nilieleza, wakaniangalia kama mchuuzi wa sabuni niliyekuwa.

Dada ndiye aliyesimama, mkono kiunoni, tumbo mbele.

"Nani hapa hakuweka kavera? Anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulioinuka.

"Basi. Tulikuwa na adabu mingi, tumeharibu kazi. Mimi naleta tena kesho, bila kavera. Ikimwagika, imwagikie huyu." Akanionyesha mimi.

"Imwagikie kabisa!" mjane wa sajini akapiga kelele. "Anapenda kusafiri, asafiri na mkojo yetu!"

Kesho yake zikaja chupa, karibu zote. Safari hii nilizipeleka Arua kama zilivyo, nimezipakata magotini, na ndiyo, nyingine zilivuja.

Dada alijifungua mtoto wa kiume kabla ya mwezi kwisha. Siku hizi mabaki ya maharage anayafunika kwa sahani, si kwa kavera, na msimu huu amemwambia mume matangi ya dawa aoshe mwenyewe, mbali na mto. Majibu makubwa ya utafiti bado hayajatoka. Mwanasayansi anasema yatachukua miaka, na simwoni akidanganya.

Lakini juzi alikuja kumpima mtoto. Alimwonyesha picha ya duara jeusi mara kadhaa, mtoto akachoka nayo, akapiga miayo. Kisha akaweka pembeni yake picha nyingine. Mtoto akageuza kichwa kwenye ile mpya, akakodoa macho, akapiga teke.

"Ni nini hiyo?" dada akauliza. "Vibaya?"

"Ameikumbuka ya zamani," mwanasayansi akasema, nami nikatafsiri. "Ndiyo maana anataka mpya. Kwa umri wake ndivyo tunavyotarajia. Nitarudi akianza kukaa, nitamwangalia tena."

Kisha akamwita binti mkubwa, akakaa naye chini na picha zilezile, bila haraka, akisikiliza kila neno lililotoka. Alimwambia dada yuko mtu Arua anayefundisha watoto waliochelewa kusema, na kwamba msichana hajachelewa kwenda kwake.

Dada alimnyanyua mtoto, akamgeuza atazame nje ambako mama mkwe alikuwa anaanika mihogo, akaita kwa sauti ya kambini: "Mama! Njoo. Uone mutu mwenye kumbukumbu."

Jumatatu nampeleka msichana Arua.