Njia ya Kiti cha Mama Mkwe

Huku kwetu West Nile, mwanamume na mama wa mke wake hawazoeani. Simshiki mkono, sili mbele yake, siketi alipoketi. Tukikutana mlangoni, mmoja anapisha huku anatazama chini. Aibu hiyo ni heshima, na mtu asiyekuwa nayo tunasema hakulelewa.

Basi fikiria mama huyo anakuja kuishi kwako. Alikuwa kwake Midia, kule Koboko, analima mihogo yake, mpaka ugonjwa wa sukari ukamla mguu. Ulikatwa juu ya goti. Mke wangu ndiye mtoto pekee aliyebaki, akasema mama hawezi kukaa peke yake shambani. Ningekataa vipi? Tukamleta hapa Arua, tukampa chumba chenye dirisha la mbele, na kiti cha magurudumu.

Raha yake ilikuwa moja tu: kujisukuma asubuhi mpaka getini. Hapo wanapita wanawake na sombe, yale majani ya mihogo, na samaki wakavu, na habari za watu, naye anapiga soga mpaka jua liwe kali. Mke wangu alfajiri yuko njiani kwenda dukani kwake upande wa Vurra, watoto wako shule. Mimi nami nikawa naondoka mapema kuliko kazi inavyotaka, nakaa kwenye kibanda cha chai, ili mama awe huru kupita uani bila kukutana na mkwe wake. Nilijisifu sana kwa adabu hiyo. Nilijiona Arua nzima hakuna mkwe kama mimi.

Shida ilikuwa njia yenyewe. Kati ya geti na baraza kuna mkangazi mkubwa, mzee kuliko nyumba, na mizizi yake ilikuwa imeinua simenti niliyomwaga miaka ile nilipopata gari. Bamba moja lilikuwa limenyanyuka hata kuku anataga chini yake. Gari lilipita, likiyumba kidogo, kwa hiyo mimi sikuwa na neno. Mke wangu alisema, akasema tena. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," ananitania, nami namjibu kwa ukali kwamba huu si ufa, ni mzizi, na mzizi hauzibwi. Mdomo huo ninao, Mungu anisamehe.

Siku moja malaria ikanilaza, na mama hakujua kwamba niko ndani. Nikasikia kishindo, kisha sauti ya mtu anayejizuia kulia. Nikatoka mbio. Kiti kimelala ubavu pale kwenye lile bamba, mama yuko chini, kitenge kimepanda mpaka kiunoni, na mguu uliokatwa uko wazi mbele ya macho yangu.

"Nyuma geuka!" akasema.

Marehemu mume wake alikuwa askari, na Kiswahili chake mama alikipata kambini. Niligeuka kama kuruta.

"Mama, nikuinue?"

"Wewe usinishike. Ita mutu mwanamuke."

Ilinibidi nipite hapo alipolala ili nifike getini. Nikapita nikijibana kwenye ukuta wa ua, uso nimeulaza kwenye matofali. Barabarani hapakuwa na mtu. Nilisimama pale natetemeka kwa homa, naita, huku mama yangu mkwe amelala juu ya simenti yangu, mpaka mwanamke mmoja muuza sombe akatokea mbali, akaja akamwinua. Sijawahi kuona aibu ya namna ile.

Jioni alimwambia mke wangu, "Munirudishe Midia. Hapa mimi nimekwisha." Mke wangu akalia. Kule hakuna wa kumchoma sindano ya sukari wala wa kuangalia kidonda chake. Sote tulijua maana ya kumrudisha, na yeye alijua kuliko sisi. Nikamtuma mke wangu aende amwambie mama kwamba nitaleta mbuzi, kama desturi inavyotaka, nioshe yale niliyoyaona. Jibu likarudi upesi: "Mbuzi haitengenezi njia." Nikaomba anivumilie mpaka niitengeneze. Akasema atangoja, lakini nguo zake zikafungwa kwenye furushi, likakaa kitandani.

Homa ilipotulia nikaomba ruhusa kazini, nikashika nyundo mwenyewe. Nilivunja ile simenti kwa hasira, kana kwamba ndiyo iliyonikosea. Chini yake nikakuta mzizi mnene kama paja langu. Nikainua shoka. Halafu nikautazama unakoelekea: ndio unaoushika mti upande wa nyumba. Nikiukata, upepo wa mvua utaulaza mkangazi juu ya chumba cha mama. Nikaliweka shoka. Badala yake nikaleta udongo mwekundu wa changarawe, nikaiinua ardhi pande zote mbili za mzizi, nikashindilia, nikamwaga mchanga, nikapanga juu yake vibamba vidogo bila kuvigandisha, ili mzizi ukinenepa tuving'oe na kuvipanga upya. Mgongo uliuma. Sikulalamika, maana ningemlalamikia nani?

Nilipomaliza nilipita kwa miguu, nikaona ni sawa. Lakini miguu yangu ni miwili. Ilikuwa mchana, dirisha limefunikwa pazia, nikajua mama amelala. Kiti chake kilikuwa barazani. Kukalia kiti cha mama mkwe ni jambo ambalo hata kichaa wa kwetu anaogopa. Nikatazama huku na huku, nikakaa.

Kwenda getini kulikuwa rahisi. Kurudi ndiko kulikonishinda. Nilipofika kwenye mwinuko wa mzizi mikono ikaishiwa nguvu, kiti kikarudi nyuma. Nikajaribu tena, kikarudi. Jasho likanichuruzika. Nikainua macho, nikaona pazia limevutwa, mama ameketi dirishani ananitazama.

Nilisimama haraka, nikainamisha kichwa, nikangoja aseme apelekwe Midia leo hii hii.

"Pale juu iko mkali bado," akasema. "Punguza."

"Ndiyo, mama."

Nilidhani amemaliza.

"Wewe ulifikiri siku zote mimi napita pale namna gani?"

Akaniambia yeye, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeelekeza njia. Akifika kwenye bamba alikuwa anashuka chini, anajiburuta kwa makalio, anakivuta kiti nyuma yake, anakipanda tena, anaweka kitenge sawa kabla hajaonwa na mtu. Asubuhi akienda, na mchana akirudi. Kila siku, nikishaondoka kwa heshima zangu.

Nikachukua sepetu, nikaanza kuuchimba mwinuko upya. Sikuweza kumtazama, na safari hii haikuwa kwa sababu ya mila.