Mkono Unaoishia Sikioni

Ofisini tunamwita Wa Ng'ambo, kwa kuwa uhandisi aliusomea huko. Vikaoni mkono wake wa kulia hupanda hadi usawa wa sikio, kisha hukuna sikio tu. Zamani haukuwa hivyo. Katika kikao chake cha kwanza aliunyoosha juu kabisa akasema, "Mkuu, hapo umekosea." Tangu hapo hapewi mchoro wowote, na muda wake wa majaribio unayoyoma.

Jana mkuu alitandaza ramani ya daraja la waenda kwa miguu, nguzo zake nyembamba mno. Mkono ukapanda, ukakuna sikio.

"Una neno, mwanangu?"

"Hapana, mkuu."

Wengine tuliporudi mezani kwetu, yeye alibaki, viganja vimeshikana. "Samahani, mkuu, naomba unielekeze. Kila nikipiga hesabu, nguzo hizi hazibebi watu. Sijui nakosea wapi."

Mkuu akavaa miwani, akainamia ramani. Kisha akazinenepesha nguzo kwa kalamu yake mwenyewe. "Umeona faida ya kuuliza? Huu mchoro umalizie wewe."

"Asante, mkuu. Nimejifunza."

Akapita mezani kwangu akitabasamu, ramani kwapani. Mkono wa kulia ulikuwa mfukoni, na ngumi ilituna kwenye kitambaa.