Nyayo Zisizo na Tope

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji na kubebeshwa wadogo zangu, kijiji kizima cha Mofu kilijua kwamba baba yangu analimishwa usiku. Halikuwa jambo la kunong'ona. Watu walisalimiana, wakaulizana habari za mpunga, kisha wakamuuliza mama kama Longino bado analimishwa, naye akajibu, "Bado. Na jana ndiyo wamemmaliza kabisa."

Kwa asiyejua, kulimishwa ni hivi. Unalala kitandani kwako kama watu wote. Mchawi anakuja, anakuchukua bila wewe kujua, anakupeleka shambani kwake ukalime mpaka jogoo awike, halafu anakurudisha na kukufunika shuka. Asubuhi unaamka mwili wote unauma, kichwa kinagonga, mdomo umekauka, wala hujui ulikuwa wapi. Siwacheki walioamini, maana hata mimi niliamini, na dalili zote baba alikuwa nazo. Alikuwa mtu mnene, shingo nene, mwenye nguvu ya kuinua gunia la mpunga peke yake, lakini akikaa tu chini, usingizi huo. Alisinzia kanisani. Alisinzia tonge likiwa mkononi. Siku moja alisinzia juu ya baiskeli akaingia nayo kwenye jaruba la watu, akatoka ana tope mpaka masikioni, akasema eti tairi lilikuwa na pancha. Tulicheka sana siku ile. Mama hakucheka.

Mama ndiye aliyelala naye, kwa hiyo ndiye aliyejua zaidi. Nyumba yetu ilikuwa ya fito na udongo, na ukuta wa namna ile hauzuii sauti. Baba alikoroma kama mashine ya kukoboa, na sisi watoto tulilala fofofo, tumezoea. Kilichotuamsha kilikuwa kimya. Mkoromo ulikatika ghafla, tukasubiri, tukasubiri, halafu tukamsikia mama akimtikisa na kumwita, "Longino! Longino, rudi! Rudi kwako!" Baba alishtuka kama mtu aliyetolewa majini, akavuta pumzi kwa kishindo, akalala tena. Mama aliamini kwamba kwenye kimya kile ndipo wanapomchukua. Kila asubuhi, kabla baba hajashuka kitandani, alimshika miguu akazikagua nyayo zake kama zina tope. Hakuliona hata siku moja. "Wanamwosha kabla ya kumrudisha," alisema. "Wajanja sana hao."

Sasa, mtu akilimishwa lazima kuna shamba linalolimwa. Watu wakaanza kuangalia mashamba ya wenzao.

Lililopakana na letu lilikuwa la Shangazi Skola, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mjane, watoto wake wanaishi mbali, na mpunga wake haukuwa na gugu hata moja. Mimi nilijua kwa nini. Alfajiri nikienda mtoni nilimkuta keshainama, khanga kaifunga kiunoni, anang'oa majani huku anajiimbia. Lakini nani amsikilize mtoto wa kike mwenye ndoo kichwani? Msimu ule baba alipitiwa na usingizi juu ya dungu la kulindia ndege, mchana kweupe, kweleakwelea wakashuka wakala mpunga wetu. Wa shangazi ulipona, kwa sababu yeye alipiga debe kuwafukuza tangu asubuhi mpaka mikono ikamvimba. Basi, maneno yakapata mwenyewe.

Aliyeyasema hadharani alikuwa mama yangu. Nataka ieleweke kwamba mama hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa na kisa na wifi yake. Waliazimana chumvi na vinu kama mawifi wengine. Mama aliogopa. Aliogopa kwamba usiku mmoja atamwita baba na baba hatarudi, na woga ukikaa ndani ya mtu muda mrefu unatafuta wa kumlaumu.

Kwetu bonde la Kilombero, miaka ile ya tisini, jambo la namna hiyo lilikuwa na utaratibu wake. Utaratibu ulikuwa kunyolewa. Anayeshukiwa na anayemshuku wanakwenda pamoja kwa mganga, wanakaa foleni moja, wananyolewa nywele wote na kunywa dawa moja. Wakirudi, aliyenyolewa haitwi mchawi tena, na atakayethubutu kumwita ndiye mwenye kosa. Lakini anayekataa kwenda kajitangaza mwenyewe. Wazee walikaa, wakamwambia shangazi achague: akanyolewe ng'ambo ya mto, au afungashe virago ahame Mofu.

"Ninyolewe kwa sababu napalilia?" shangazi aliwauliza. "Hilo ndilo kosa langu?" Akaondoka kikaoni bila kuaga.

Kesho yake alikuja nyumbani, akasimama mlangoni.

"Shikamoo shangazi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako yupo?"

Mama akatoka, mikono ina unga. Shangazi hakukaa. "Wifi, nitakwenda," alisema. "Mume wangu kazikwa hapa na shamba langu liko hapa, nihamie wapi mimi? Lakini tunakwenda wote, na kaka tunakwenda naye."

"Tutakwenda," mama akajibu, akarudi jikoni.

Mimi nilichukuliwa ili nimbebe mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Tulipanda lori la mpunga mpaka Ifakara, tukatembea hadi kivukoni, tukavuka kwa pantoni. Baba alilala kwenye lori, akalala na kwenye pantoni, kaegemea baiskeli ya mtu asiyemjua. Shangazi alinunua ndizi za kuchoma akaanza kumpa mama. Mama alizipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, lakini hakuonja mpaka alipomwona shangazi katafuna na kumeza yake. Shangazi aliliona lile. Aligeuza uso akatazama maji.

Kwa mganga tulikuta watu wengi, wamekaa kwenye mabenchi chini ya banda la makuti, familia kwa familia, washukiwa na waliowashuku wamebanana. Hakukuwa na mambo ya kutisha niliyoyategemea. Kulikuwa na ndoo za dawa, wembe, watoto wanaolia na vijana wawili waliokuwa wakinyoa na kuita, "Mwingine!" Jua lilikuwa utosini. Baba akaegemea nguzo, na kabla hatujasogea nafasi mbili akaanza kukoroma.

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu kaja kunyolewa au kaja kulala?" Halafu mkoromo ukakatika, na vicheko navyo vikakatika. Sote tulimwona. Kifua kilipanda na kushuka, tumbo likajikaza, lakini pumzi haikuingia wala kutoka. Midomo ilianza kubadilika rangi. Kule nyumbani nilikuwa nasikia tu kupitia ukutani, sikuwahi kuona. Nilidhani baba yangu anakufa mbele yangu.

Mama aliruka. "Longino, rudi! Rudi kwako!"

Baba akashtuka kwa mkoromo mkubwa, akavuta pumzi, wala hakufumbua macho. Akaanza upya. Mama alipotaka kumtikisa tena, shangazi akamshika mkono.

"Mwache kidogo umwangalie," alisema. "Unamwita arudi kutoka wapi? Si huyu hapa?"

"Niachie, Skola!"

"Sikuachii. Angalia miguu yake. Angalia na mikono yangu, hii hapa imekushika. Jua linawaka, watu wote hawa macho wazi, na kaka yangu anakabwa hivyo hivyo kama usiku. Nani anamlimisha sasa hivi? Sema, wifi, mimi nipo wapi?"

Baba akanyamaza tena, kifua kikahangaika, akashtuka tena, na safari hii mama alimtazama tangu mwanzo mpaka mwisho bila kumwita. Nilimwona anatazama zile nyayo zilizojaa vumbi la kivukoni, hazikuwa zimekwenda popote. "Pumzi inamkatika," shangazi alisema, sasa kwa upole. "Ni hiyo pumzi yake, wifi. Haendi popote."

Mngedhani watu wote walisimama wakatuombea radhi, tukarudi nyumbani. Wapi. Kijana wa wembe alisema, "Jamani, foleni isogee." Tulikuwa tumekuja kunyolewa, na kurudi Mofu na nywele kichwani ingekuwa sawa na kukataa. Ila ilipofika zamu yetu, na shangazi akainuka, mama akamtangulia akakaa kwenye kigoda. "Anza na mimi," akamwambia kijana. Hakuomba msamaha kwa mdomo siku ile wala siku nyingine. Wakanyolewa wote watatu. Kwenye pantoni upepo uliwapiga vichwa vile vipya, shangazi akaivua khanga yake ya mabegani, akajifunika na mama kwa pamoja.

Baba aliendelea kukoroma, ila mama aliacha kukagua miguu. Yeye na shangazi waligundua kwamba akilala ubavu anapumua vizuri zaidi, basi mama akamshonea gunzi la hindi mgongoni mwa fulana ili akigeuka chali limchome. Baba alilalamika kwamba ameoa mwanamke mkatili. Lakini zilikuwepo asubuhi alizoamka mtu kamili, akatania, akaenda shambani, na kwetu hiyo ilikuwa sikukuu. Hospitalini walimpima presha wakaikuta iko juu, wakampa vidonge. Hatukumwambia daktari habari za usiku. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Tulimwambia mwenyekiti wa kijiji, tulimwambia mganga, tuliwaambia watu wa mashine ya kukoboa na wa kisimani. Daktari hatukumwambia, kwa sababu kukoroma hakukuwa ugonjwa, ni kichekesho, nani aende kumpotezea daktari muda?

Baba alifariki usingizini nikiwa darasa la saba. Mama aliita, hakurudi.

Msibani, ndugu mmoja aliyetoka Chita alianza kumtupia shangazi macho, na jioni akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mtu hafi hivi hivi tu kitandani. Mama alikuwa chini kwenye mkeka, macho yamevimba. Alisimama, akaivua khanga kichwani, nywele zake zikaonekana na mvi zilizoanza.

"Skola kanyolewa," alisema. "Mimi nimenyolewa naye, kwa wembe mmoja. Kama kuna mwenye neno aje aanze na mimi."

Ndugu wa Chita akaomba maji ya kunywa. Shangazi Skola alibaki Mofu, na yuko Mofu hadi leo. Wembe ule haukumsaidia baba hata kidogo, mimi sidanganyi. Lakini ulimbakiza shangazi kwenye shamba lake, na hilo nimeshindwa kulidharau, hata nikijua ninayoyajua sasa.

Ninayoyajua nimeyajua kwa mwili wangu. Miaka ilivyokwenda nikanenepa, na shingo ni ile ile ya baba. Nauza vipuri vya baiskeli Ifakara, na nilianza kusinzia mbele ya wateja, spoku mkononi. Mume wangu alihamia sebuleni na mto wake akisingizia joto. Mwanamke anayekoroma kama mashine! Niliona aibu nikanyamaza, mpaka asubuhi moja binti yangu aliponiambia, "Mama, usiku unakata pumzi, naogopa." Nikamwona mama yangu mwenyewe amesimama pale. Nikaenda Dar es Salaam, nikalazwa usiku mmoja nimebandikwa nyaya mwili mzima, na asubuhi daktari akaniambia pumzi inanikatika usingizini mara nyingi mno, kila mara ubongo unashtuka kuniokoa, mimi sina habari, ndiyo maana naamka hoi. Akanipa mashine yenye barakoa na mpira, inapuliza hewa koo lisizibe. Nikiivaa nafanana na tembo, mume wangu ndivyo anavyosema, lakini amerudi chumbani.

Tangu hapo nasema. Nasema dukani, nasema kwenye jumuiya baada ya sala, bila kuulizwa. Mara ya kwanza wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Kicheko kilipokwisha, mmoja akabaki nyuma akaniuliza taratibu, "Hivi, na wa kwangu anayenyamaza katikati, ndiyo hiyo?" Wengine wamekwenda kupimwa, wengine wamenipuuza. Naendelea tu.

Mwaka jana nilikwenda kulala kwa Shangazi Skola, kazeeka sana, umeme umefika mpaka kwake. Nilimtolea mashine kabla ya kulala asije akashtuka, nikamweleza ugonjwa wa baba una jina na ni huu huu wangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kaka alikuwa anafanya kazi usiku kweli," akasema.

"Kweli, shangazi. Kazi ya kutafuta pumzi."

Akatikisa kichwa, akaenda kulala.

Asubuhi nilifumbua macho nikamkuta ameketi miguuni pangu, ameshika mguu wangu mmoja kwa mikono yake miwili, ameuinua kwenye mwanga wa dirisha. "Hakuna tope," alisema. Tukacheka, jamani, tukacheka mpaka machozi. Yeye machozi yaliendelea baada ya kicheko kwisha, na mguu wangu hakuuachia, nami sikuuvuta.