Mwanamke Aliyefagia Kanisa la Mabati

Sikuwa nimelewa, na jua lilikuwa bado kali. Nayasema hayo kwanza, kwa sababu wachache niliowasimulia waliniuliza hayo mawili kabla sijamaliza.

Miaka ile mtaa wa Dandora ulikuwa mpya. Ulipewa kiwanja chenye choo na bomba, nyumba ujijengee mwenyewe polepole. Mimi nilikuwa fundi wa akala, vile viatu vya matairi, pale sokoni Kariokor. Mimi na mke wangu tulikuwa na mtoto mmoja, Wambui, wa miaka mitano. Surua ilimchukua kwa siku nne. Asubuhi aliyokufa, wodini mle walikufa wengine watatu. Watoto wanne kabla ya chai ya saa nne. Niambie wewe, hao walikuwa wamemkosea Mungu nini?

Kwenye mazishi mchungaji alisema Mungu amempenda zaidi. Zaidi ya nani? Zaidi yangu mimi niliyemkanda kwa kitambaa cha maji mpaka vidole vyangu vikakunjamana? Mke wangu aliitikia amina. Alisema atamwona Wambui tena, na neno hilo ndilo lililomwezesha kula uji. Nikanyamaza kwa ajili yake.

Wiki iliyofuata nilirudi kazini. Akaja mama mmoja kutaka akala za mtoto wa miaka mitano. Nikaweka kisu chini, nikachukua mfuko wangu, nikaondoka bila kumjibu. Nilitembea kwa miguu hadi Dandora. Saa tisa hivi nikapita kwenye kanisa letu la mabati, nikakuta mlango wazi. Nikaingia.

Sikuona mtu. Nikasimama mbele ya mimbari nikamtukana Mungu. Mengine siwezi kuyarudia. Nilimwambia angekuwa jirani yangu ningemshtaki kwa chifu. Nilimwambia baba anayemtazama mtoto akikosa pumzi, na pumzi anazo za kumpa, huyo hafai kuitwa baba. Mwisho nikasema, "Siku nikifa nitakuja nikuulize ana kwa ana."

"Hata mimi nilisema hivyo hivyo, Baba Wambui."

Kwenye benchi la nyuma alikuwa ameketi mwanamke, ufagio mapajani, kitambaa cha bluu kichwani. Sikumjua, ila siku zile watu walikuwa wanahamia mtaani kila wiki. Kwa matamshi yake nilijua ni mtu wa magharibi mwa nchi. Nikaona haya, nikamwomba radhi. Akaniambia radhi ya nini. Akanieleza kwamba naye alikuwa na watoto, wawili, na kwamba nyumba yao ya mbao ilishika moto yeye akiwa ameenda kuteka maji. Aliporudi, mlango ukakataa kufunguka. Aliyasema hayo bila chozi.

Nikaona hana viatu, na nyayo zake zimepasuka vibaya. Ningefanya nini? Kazi ninayoijua ni moja. Nikamwambia, mama, lete mguu nikupime, nikutengenezee akala.

Nikapiga goti, nikaushika mguu ule kwa mkono wa kulia. Niamini, sijawahi kushika kitu baridi namna ile. Mtoto wangu nilimbeba akiwa maiti, na hakuwa hivyo. Baridi ilipanda mpaka kwenye kiwiko. Nikainamisha macho. Sakafu ilikuwa ya udongo, imejaa vumbi, na kwenye vumbi lile kulikuwa na alama za miguu ya mtu mmoja tu. Zilikuwa zangu.

Nikamuuliza, "Ulipomuuliza, alikujibu nini?"

"Nilifika," akasema. "Nikatafuta sana. Sikukuta mtu wa kuulizwa. Nikarudi hapa, maana hapa ndipo nilipomsikia mara ya mwisho."

Hakuinuka, hakutembea, ila hakuwapo tena. Mkono wangu ulikuwa umeshika hewa.

Nilitoka mbio, nikagongana na mzee wa kanisa mlangoni, ufunguo mkononi. Akaniuliza nimeingiaje, maana kufuli aliifunga mwenyewe Jumapili. Nikamweleza yule mwanamke alivyokuwa. Mzee akaketi chini pale pale, juu ya mawe. Akasema huyo ni Mama Nekesa, aliyekuwa akifagia kanisa. Baada ya moto alisimama katikati ya ibada akauliza Mungu alikuwa wapi. Wazee wakamwambia atubu au atoke. Akatoka. Hakumaliza mwezi, na hakuna aliyekwenda kumwombea kaburini.

"Ni mimi niliyemfungulia mlango atoke," mzee akasema.

Ningeweza kumpiga. Mkono ndio uliokataa kuinuka.

Mpaka leo mkono huo haupati joto. Nilijifunza kukata matairi kwa wa kushoto. Kila Jumapili namsindikiza mke wangu ibadani, nakaa kando yake. Yeye anamwomba Mungu amtunzie Wambui mpaka siku watakapoonana. Mimi nafumba macho na kung'ata meno.

Kwa hiyo sikiliza. Ukiwa na ugomvi na Mungu, usiupeleke mahali patupu. Gombana naye nyumbani kwako, kati ya watu walio hai, hata wakikukemea. Usiulize swali ambalo jibu lake huwezi kwenda nalo nyumbani. Na ukikutana na mke wangu, msalimie tu. Habari hii usimpe.