Jina la Kambini

Matangazo ya vifo huingia kwenye redio yetu ndogo hapa Bukoba kwa simu, tena marefu, yamejaa ndugu. Yupo aliyeko Kashai, yupo mkwe aliyeko Karagwe, na kila mmoja ana jina la shule, la nyumbani na la utani. Kazi ya kuyapokea ni yangu. Napenda mambo yaliyonyooka, na yale matangazo yalinichosha.

Rafiki mmoja aliponionyesha programu ya akili mnemba ambayo unaipangia kazi kwa maneno ya kawaida, nilifurahi. Sikuhitaji kujua lugha ya kompyuta. Niliandika Kiswahili tu, kama ninayemwelekeza mgeni wa kazi: ujumbe ukiingia, usome, chukua jina la marehemu, mahali na saa ya mazishi, upange vizuri, mpelekee mtangazaji. Mwishoni nikaongeza sentensi moja: ondoa majina ya utani na maelezo ya ndugu mmoja mmoja, andika tu ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.

Ikafanya kama nilivyosema. Mwanzoni nilikuwa nalinganisha kila tangazo na ujumbe wake. Baadaye nikaacha.

"Sasa marehemu wote wana adabu," mtangazaji wetu alisema, dada asiyeishiwa utani. "Wanakufa kwa mistari mitatu."

Tulicheka sana siku ile.

Kisha akaja kijana mmoja, shati lake linanuka dagaa. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Nani anapokea matangazo hapa?"

"Ni mimi. Karibu, kaka."

"Mama yangu amezikwa Muleba, mimi niko visiwani naanika dagaa. Kaka yangu anasema alileta tangazo, na jina langu limo. Wenzangu kambini wanasema walisikia, jina langu halimo. Mmoja ananidanganya, na sijui nimchukie nani."

Nilifungua simu ya ofisi. Kaka yake, mwenye duka mtaa wa Bilele, alikuwa ameandika kila kitu. Simu ya mdogo wake haikupatikana, kwa hiyo aliomba taarifa imfikie kambini. Alitaja jina la mdogo wake, halafu la utani, na kueleza kwamba kambini ndiko wanakomjua kwa jina hilo. Chini yake palikuwa na kilichosomwa: ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.

Nilimsomea vyote viwili.

"Basi walisikia hivyo," akasema. "Mimi nilikuwa majini. Redio ikasema mama fulani wa Muleba amefariki, atazikwa kesho baada ya sala ya adhuhuri. Mpishi wetu akasema, 'Poleni wafiwa,' akaendelea kusonga ugali. Kaniambia mwenyewe, analia."

Kijana mwenyewe alijua msiba alipofika mwaloni, kwenye soko la samaki ufukweni, kuuza dagaa. Simu ilishika mtandao, na salamu za pole zikaanza kuingia.

"Mfumo ndio uliofupisha," nikasema. "Ni kompyuta."

"Na kompyuta ilijuaje kwamba jina langu halina kazi?"

Mtangazaji akageuka kutazama dirishani.

"Nyumbani wanasema nilisikia, nikaona dagaa ni bora kuliko mama," kijana akaendelea. "Wajomba hawanipi mkono. Twende ukawaambie."

Kabla ya kuondoka niliifuta ile sentensi kwenye programu. Haikuchukua muda, kama vile kuiandika hakukuchukua muda.

Muleba tulikuta turubai bado limesimama na wanaume wamekaa kwenye mikeka. Waliitikia salamu yangu. Yake hawakuiitikia. Nikaeleza, kwa mpangilio mzuri kama ninavyoandika habari, kwamba kulitokea hitilafu katika mfumo wa kupokea matangazo na baadhi ya majina hayakusomwa.

"Hitilafu," mjomba mmoja akasema. "Kila mtu siku hizi ana hitilafu."

"Lakini nyinyi hamkusikiliza redio?" nikauliza. Hata sasa naona aibu kwamba niliuliza.

"Mwanangu," shangazi yao akanijibu, "tulikuwa na maiti ndani. Nani angewasha redio?" Akaonyesha mlangoni, alikoketi bibi yao, mama wa marehemu. "Na huyo hajaelewa hata neno moja. Mwambie kwa Kihaya."

Nilimsogelea bibi nikachuchumaa. Mfumo nilishindwa kuuelezea. Nilianza mara mbili nikakwama. Mwishowe nikamwambia kwamba mjukuu wake mkubwa aliandika jina la mdogo wake, na mimi nililitoa.

"Kwa nini?" akauliza.

Nikamwambia niliona tangazo linakuwa refu.

Alinitazama kidogo, si kwa hasira, kama mtu anayengoja maneno mengine. Kisha akamwita kijana kwa jina la nyumbani na kupigapiga mkeka karibu naye. Kijana akavua viatu, akaingia, akaweka kichwa magotini pa bibi. Kaka yake wa Bilele akainuka upande wa wanaume, akaenda kukaa nao.

Hakuna aliyeniambia nikae, wala niondoke. Nilibaki nimechuchumaa palepale, nikiwasikia wakianza kumsimulia kijana mazishi tangu mwanzo, bila kuruka mtu.