Kabetri Kadogo Juu ya Kioo

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana nisipouanza mimi majirani watauanza. Pembeni, juu ya kioo cha multimita yangu, mashine ya kupimia umeme, siku moja palitokea kapicha kadogo ka betri. Nilifurahi. Nilidhani mashine inaniambia: sawa, nimekuelewa, unapima betri. Nilikuwa na diploma ya sekondari, imefungwa kwa nailoni, imetundikwa ukutani, na hicho ndicho nilichokielewa.

Mashine ile na mimi tulifaana kwa sababu kazi yake ni ya kukaa. Hapa Majengo wengine wanajulikana kwa biashara, wengine kwa ngumi. Mimi nilijulikana kwa kiti changu. Mutu akileta redio iliyonyamaza, niliipima bila kusimama. Kujifunza kwenyewe kulikuwa aibu tupu. Nyaya zikiwa hazijagusa kitu, tarakimu zinachezacheza, nami niliwahi kuwatangazia watu kwamba kuna umeme hewani. Ikiandika 1 peke yake upande wa kushoto, nilisema "kipimo ni kimoja," kumbe inalia kwamba nimeipa umeme uliozidi kiwango nilichokigeuzia kitufe chake. Jirani yangu, mama mmoja wa Butembo anayeuza unga wa muhogo, ukuta wetu mmoja wa mbao, aliniita Injenia wa Kiti. Nilimwitikia.

Kisha vita ikakata nyaya za umeme huko juu, mji ukabaki giza, na watu wa Rutshuru wakaanza kushuka na magodoro kichwani. Katikati yao alikuwemo Yaya, dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufa. Alinibeba mgongoni muda mrefu mpaka watu wakamwuliza kama mtoto ana miguu.

Alinipigia mara moja, kwa simu ya kuomba, akiwa karibu na Rumangabo.

"Tuko tunashuka. Nikifika Kibati nitakupigia. Kwako mimi sipajui, ulihama tangu volkano. Utakuja kunichukua?"

"Nitakuja, Yaya."

"Usizime simu. Na usitume mutu. Nakujua, utatuma mutu."

Nilicheka. Yeye akakohoa, simu ikakatika.

Basi kazi yangu ikawa moja tu duniani: simu isizimike. Ilikuwa simu kuukuu, haikufika jioni bila kunywa moto. Lakini nilikuwa na betri kubwa ya gari, niliyoichomekea taa na chaja. Ikipungua, ilipaswa kupandishwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, na kupelekwa kwa wenye jenereta, huko barabarani, kwenye foleni na kelele. Kwa hiyo kila asubuhi niliipima, nikiomba isipungue. Na haikupungua! Volti kumi na mbili na nusu, yaani imejaa. Kesho yake, kumi na mbili na nusu, na kapicha kangu kadogo kakiniangalia kama rafiki. Kwa ukarimu nikavuta waya kupitia ukuta wa mbao, nikamwashia jirani taa.

Jioni moja akaita kupitia mbao zile:

"Injenia! Taa yako imekuwa nyekundu sawa jicho la mulevi."

"Mashine inasema kumi na mbili na nusu, mama. Macho yako yanasema ngapi?"

"Macho yangu yanasema sioni maharage."

Nikamhurumia kwa kukosa masomo. Asubuhi iliyofuata betri ilisoma kumi na tatu. Fikiri kidogo: betri ambayo hakuna aliyeipa chochote, inayolisha taa mbili, imepanda. Sikufikiri. Nilisema imepona. Na simu ilikuwa imezimika.

Kwa vile betri ilikuwa nzima kwa ushahidi wa kioo, ugonjwa ulikuwa kwa simu. Nikaifungua juu ya meza. Nikapima chaja, nikapima waya wake, nikasugua vile vyuma vidogo kwa kitambaa na mate. Nikaifunga, haikuwaka, nikaifungua tena. Nje watu walikuwa wanapita kutoka upande wa Kibati, penye kambi ya wakimbizi, na habari za ndugu zao. Niliwasikia wakiulizana majina barabarani. Mimi nilikuwa na kazi. Nilikaa mezani siku hiyo yote, na iliyofuata, na mvua ikanyesha kwa nguvu, nikasema heri yangu mimi niliye ndani.

Aliyeniokoa na elimu yangu ni mashine yenyewe. Tarakimu zilififia, kioo kikabaki cheupe. Nikaifungua mgongo na humo nikakuta betri yake ndogo ya mraba, ambayo sikuwahi kuikumbuka tangu ninunue mashine. Jirani akaitoa ya redio yake, akanikopesha, akisimama mlangoni kuangalia. Kapicha kakatoweka. Nikagusisha nyaya kwenye betri ya gari: volti kumi, na kidogo, yaani tupu.

Hapo ndipo nilipojua. Kale kapicha hakakusema juu ya betri niliyoipima. Kalisema juu ya betri ya mashine yenyewe, kwamba inakufa. Na kadiri ilivyokufa ndivyo ilivyozidi kuhesabu vya wengine kwa wingi. Betri ya gari haikupona. Mpimaji alikuwa anazimia.

Chukudu ikaja, betri ikaenda, ikarudi. Simu ikawaka bila kinyongo, haikuwa na ugonjwa wowote. Nikaishika mkononi kama kifaranga mpaka ikalia. Sauti ya mwanamke nisiyemjua.

"Ni weye ndugu ya huyu mama ya Rutshuru? Mwenye kukohoa?"

"Ni mimi. Mpe simu."



"Papa, tulikuita sana. Kila mutu mwenye simu hapa alikuita. Alikuwa anasema: ngojeni, ataiwasha, huyo habanduki nyumbani, lazima yuko pale. Ile mvua ya juzi ilimkuta chini ya hema yenye kupasuka. Jana alfajiri amepumuzika."

Nilienda Kibati. Nilienda kwa miguu, kwa sababu sikukumbuka kwamba kuna pikipiki. Nilikuwa bado naitafuta sentensi ya kumwambia Yaya nilipoona nimefika. Walikuwa wamemlaza penye udongo kidogo kati ya mawe meusi. Yule mwanamke alinipa kitenge cha Yaya, kimekunjwa vizuri, bado kibichi kwa mvua.

Niliporudi, jirani alikuwa amekaa kwenye kiti changu, ananingojea na chai. Nikamweleza yote: kapicha, betri ya mraba, tarakimu zinazopanda wakati kitu kinashuka. Nilieleza vizuri sana, tangu mwanzo, kwa mikono. Nilimwambia hakuna mutu angeweza kujua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaninyang'anya kikombe, akakiweka chini.

"Kibati iko hapa tu, Papa," akasema. "Mutu anaendaka na miguu, hata simu ikiwa imekufa."